Ukingo wa Picha na Swali la Kurudi

Mtu anayekirudia chombo alichokuwa amekiacha hafanyi tena tendo alilolifanya siku alipokipokea mara ya kwanza. Mara ya kwanza, kwa kawaida, hakuchagua: alikirithi, au alikikuta mikononi mwa aliyemfundisha kazi, au kilikuwa ndicho pekee alichokimudu, na kwa hiyo tabia za chombo zilimwingia kama lugha ya mama inavyomwingia mtoto, bila kuulizwa maswali. Mara ya pili, akiwa amekwisha kuonja njia nyingine, kila tabia ya chombo kile humwonekea kuwa ni uamuzi uliofanywa na mtu fulani, uamuzi ambao ungeweza kuwa mwingine. Swali linaloshughulikiwa hapa ni kama kurudi kwa namna hiyo ni maarifa au ni hamu tu ya mambo ya kale, na mfano unaotumika ni mdogo kwa makusudi: mpiga picha wa Lubumbashi, awe yeyote yule, ambaye baada ya kuijaribu kamera isiyo na kioo anairudia kamera ya kipimaumbali.

Kamera ya kipimaumbali ni ile ambayo mpigaji wake hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha kilichowekwa juu ya lenzi na kando yake, na katikati ya kidirisha hicho mna doa dogo ambamo taswira mbili za kitu kimoja, zinazoingia kwa matundu mawili yaliyoachana kwa sentimita chache, huonekana zikiwa zimepishana. Lenzi inapozungushwa taswira hizo husogeleana, na zinapolala moja juu ya nyingine umbali umepatikana na picha itakuwa kali mahali hapo. Hesabu yake ni ya pembetatu, ile ile wanayoitumia wapima ardhi. Leica II na Contax zilitokea na mtambo huu mwaka uleule wa 1932, na Leica M3 ya mwaka 1954 ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo cha aina nzima: ndani ya kidirisha chake mna mistari miangavu inayoonyesha eneo ambalo lenzi italichukua, na mistari hiyo husogea kadiri umbali unavyobadilika ili kupunguza kosa la paralaksi, yaani tofauti kati ya mahali jicho linapotazamia na mahali lenzi inapotazamia. Kamera isiyo na kioo, kwa upande wake, ilipata jina lake kwa sababu imeondolewa kile kioo chenye kupanda na kushuka cha kamera zilizoitangulia. Ya kwanza iliyouzwa kwa watu wengi ni Lumix G1 ya Panasonic, mwaka 2008, na humo mwanga hupokewa na kihisi cha kielektroniki, ukachakatwa, kisha ukaonyeshwa kwenye skrini ndogo mbele ya jicho. Ukweli ni kwamba majina haya hayapangi mambo vizuri, maana hata kamera ya kipimaumbali haina kioo cha namna hiyo. Wala ugomvi si wa filamu na dijitali, kwa kuwa Epson R-D1 ya 2004 na Leica M8 ya 2006 ni za kipimaumbali na hazitumii filamu. Ugomvi ni juu ya kile ambacho jicho hupewa kabla picha haijapigwa.

Katika kamera isiyo na kioo jicho hupewa picha, na tena picha iliyokwisha kuamuliwa: mwangaza umepimwa, rangi imesahihishwa, na kinachoonekana ndicho kitakachohifadhiwa au kitu kinachokikaribia sana. Faida ya jambo hili ni kubwa, na anayeipuuza hajawahi kufanya kazi ya harusi usiku katika ukumbi ambao umeme umekatika. Mpigaji hujua papo hapo kama amepata au amekosa, na mteja hamlipi kwa falsafa. Lakini nje ya skrini hiyo mna giza. Dunia huishia pale picha inapoishia, na anayetazama kwa saa nyingi hujengewa hisia kwamba ukingo ni hali ya vitu vyenyewe, wala si kazi ya mkono wake. Katika kidirisha cha M3, mtu akitumia lenzi ya milimita 50 au ndefu zaidi, mistari ya fremu hukaa ndani ya eneo lililo pana kuliko picha, hivyo mtoto anayekimbia huonekana kabla hajaingia kwenye fremu, na mtu anayeachwa nje huonekana anavyoachwa. Kila kitu pia huonekana kikali, cha karibu na cha mbali sawasawa, kwa sababu kidirisha hakijui lenzi imefunguliwa kiasi gani; jinsi picha itakavyokuwa ni jambo ambalo mpigaji analazimika kuliwaza mwenyewe. Hapa ndipo penye kiini cha mambo: katika kamera hii mtu hawezi kukata bila kukiona anachokikata.

Vilém Flusser, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya falsafa ya upigaji picha, alidai kwamba kamera ni mtambo wenye mpango uliokwisha kuandikwa ndani yake, na kwamba mpigaji wa kawaida, hata akidhani anajieleza, huutimiza mpango huo tu. Dai hilo ni zito, ila Flusser alizisema kamera zote kwa pamoja, kana kwamba mipango yote huficha kwa kiasi kimoja. Ipo mipango inayomwonyesha mtumiaji mahali uamuzi unapofanyika, na ipo inayomkabidhi uamuzi ukiwa umekwisha kuiva. Tofauti hiyo si ya kiufundi peke yake, na mji wa Lubumbashi unaweza kuonyesha kwa nini.

Huu ni mji uliochorwa kwa kingo. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia shaba la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, likaanza kazi. Kisha kati ya mji wa Wazungu na makao ya Waafrika ukatengwa ukanda mtupu wa mita mia kadhaa, kwa hoja kwamba mbu wa malaria asingeweza kuuvuka. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliuchukua ukanda huo katika kazi yake ya mwaka 2013 kuhusu upangaji wa mji: picha zilizopigwa kutoka angani zimepangwa zikipishana na picha za visanduku vya mbu na nzi waliokaushwa. Mtazamaji hulazimika kujiuliza ni nani hasa aliyekuwa akikingwa dhidi ya nani. Kabla ya hapo, katika mfululizo uitwao Mémoire, uliokamilika mwaka 2006, Baloji alikuwa amekata wafanyakazi na maofisa kutoka picha za kumbukumbu za zama za ukoloni, akawaweka, weusi kwa weupe, juu ya picha zake mwenyewe za rangi za mitambo iliyokufa ya Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière. Kazi hiyo husifiwa mara nyingi kwa kukutanisha zamani na sasa. Sifa hiyo ni ya kweli, ila haitoshi, kwa sababu jambo kali zaidi lililofanywa humo ni kuuvunja ukingo: watu waliokuwa wamepangwa mstari ndani ya fremu ya kampuni, ili wahesabiwe au waonyeshwe kuwa wana afya, wametolewa humo, na katika kutolewa kwao fremu ile ya kwanza inaonekana kwa mara ya kwanza kuwa ni fremu.

V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, ambaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kabla ya kwenda kuishi Marekani, alieleza katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1988 kwamba Afrika iliyosomwa Ulaya ilikuwa imekwisha kupangwa na maandishi ya wamisionari, wasafiri na wanaanthropolojia kabla msomaji hajaiona, na jumla ya maandishi hayo aliiita maktaba ya kikoloni. Picha za kampuni ni rafu moja ya maktaba hiyo. Nguvu yake haikutegemea uongo, maana mfanyakazi aliyepigwa picha alikuwepo kweli na nyumba ya matofali nyuma yake ilikuwepo kweli. Ilitegemea ukingo ambao mtazamaji hakupewa nafasi ya kuushuku.

Hapa anayepinga ana haki ya kusimama na kusema kwamba hoja inajikata yenyewe. Wapiga picha wa zama hizo hawakuwa na skrini. Wengi wao waliweza kukiona kilicho nje ya picha kwa macho yao, na bado walikiacha. Pingamizi hilo ni la haki na haliondolewi kwa maneno. Chombo hakimpi mtu dhamiri, na yeyote anayedai kwamba kamera fulani humfanya mwenye nayo kuwa mkweli anauza kamera. Kinachoweza kudaiwa ni kidogo zaidi: kwamba kidirisha kinachoonyesha nje humnyima mpigaji kisingizio cha kutojua. Aliyeona na kuacha anawajibika kwa namna tofauti na ambaye chombo chake hakikumwonyesha, ingawa picha zao zikiwekwa mezani zinaweza kufanana kabisa.

Ikiwa ndivyo, kurudi kwenyewe kunaweza kuchunguzwa, na Lubumbashi inalijua neno hilo kwa uchungu. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, posho, shule na hospitali, na watu waliizungumzia kama mzazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliwaeleza wafanyakazi hao, katika kitabu cha mwaka 2001, kuwa ni wana wa shaba walioachwa na baba yao. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, kutamani vilivyopita si pambo la wenye nafasi. Mtu anayesema kwamba zamani palikuwa na posho anasema kweli, na kweli hiyo hiyo huacha nje ya fremu kambi zilizosimamiwa kama kaya ya mtu mmoja na ukanda usioruhusiwa kuvukwa.

Søren Kierkegaard aliliandikia jambo la kurudia kitabu kizima mwaka 1843, ambamo msimulizi anasafiri tena hadi Berlin, anafikia nyumba ile ile na kwenda kwenye tamthilia ile ile, na anagundua kwamba hakuna kilichorudi. Kwa Kierkegaard, kukumbuka ni kurudia kwa kutazama nyuma, na kurudia kwa kweli huelekea mbele. Anayenunua kamera ya kale ili picha zake zifanane na za miaka ya 1950 anasafiri kwenda Berlin. Anayeirudia kwa sababu kamera nyingine imemfundisha kuona kile ambacho ya kwanza ilikuwa ikimpa bila yeye kutambua, huyo hata kama anashika chuma kile kile, hajawahi kukishika kabla.

Ipo njia moja ya kuhalalisha kurudi huku ambayo inafaa ikataliwe, ingawa mjini Lubumbashi inavutia kuliko popote. M3 haihitaji betri yoyote, ilhali kamera isiyo na kioo hula umeme muda wote inapotazamwa, na betri zake za lithiamu kwa kawaida huwa na kobalti, madini ambayo zaidi ya nusu ya yanayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa kusini katika Lualaba na Haut-Katanga. Ni rahisi basi kusema kwamba kamera ya zamani ina mikono safi. Lakini kifuniko cha juu cha M3 ni cha shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kilichopakwa kromu, na katika miaka ile ya 1950 Union Minière ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba ulimwenguni. Hakuna awezaye kuonyesha kwamba shaba ya kamera fulani ilitoka Katanga, na haihitajiki. Inatosha kwamba hakuna awezaye kuapa kwamba haikutoka. Usafi hautafutwi kwa kurudi nyuma.

Kinachobaki baada ya kuondoa hoja hiyo ni suala la umbali, ambalo labda ndilo lenye uzito kuliko yote. Kamera ya kipimaumbali haifanyi kazi vizuri na lenzi zinazozidi milimita 135, kwa hiyo anayetaka uso wa mtu hana budi kumsogelea mpaka mita moja na ushee, mahali ambapo hapana tena njia ya kupiga picha bila kusalimia. Katika miji ya Kongo, ambako mwenye kamera anaweza kuulizwa kibali wakati wowote na ambako watu wanakumbuka vizuri walivyopigwa picha bila kuulizwa, hilo si kasoro ya chombo. Namba za mita zilizochongwa kwenye lenzi humwambia mpigaji yuko mbali kiasi gani na mwenzake. Kamera inayotambua macho na kuyafuata yenyewe haina haja ya kumwambia, na ni kweli kwamba haikosei mara nyingi.

Kazi moja, hata hivyo, kipimaumbali hakiiwezi, nayo ni kunakili picha za kale zilizolazwa mezani, zile zile za makasha ya kampuni na za albamu za familia za Kamalondo na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, ambazo unyevu unazila. Paralaksi huwa kubwa zaidi karibu, lenzi haisogei vya kutosha, na mistari ya fremu hugeuka makisio matupu, wakati skrini ya kamera isiyo na kioo huonyesha pembe nne za karatasi kwa usahihi mpaka unywele wa mwisho. Mpiga picha aliyerudi atafanya vema asiiuze kamera yake ya pili, kwa kuwa mbele ya karatasi hiyo hakuna cha kuona nje ya ukingo. Aliyeukata alikwisha kuondoka miaka mingi iliyopita, na waliokuwa wamesimama hatua mbili kulia kwake hawamo katika kasha lolote.