Ngamia wa Mtume, Farasi wa Nairobi

Marehemu babu yangu alikuwa saisi katika kiwanja cha mbio za farasi cha Ngong. Kila siku akishaswali Alfajiri alitoka Kibera kwa miguu kwenda mazizini. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kumpapasa farasi mguu wa mbele, chini ya goti, kwa mgongo wa mkono. Ukisikia joto kwenye ukano, farasi huyo hakimbii, hata mwenyewe akasirike vipi.

Enzi hizo mbio za farasi za Derby na St Leger zilikuwa fahari ya Nairobi. Babu aliwahi kusimuliwa habari za Wise Child, farasi jike mwenye kano dhaifu aliyeshinda St Leger ya Kenya mwaka 1926. Mkufunzi wake, Beryl Markham, alikuwa na miaka 23. Mwaka 1936 mwanamke huyo alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege. Mwaka 1986 akafariki baada ya uzee wa dhiki, akiishi katika nyumba ya kuazimwa pale pale kiwanjani. Mbio zenyewe zipo bado, lakini vijana wa mtaani kwetu hawamjui hata bingwa mmoja.

Je, jasho lililoishia kusahauliwa lilikuwa la bure?

Bukhari amepokea kwamba Al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (S.A.W.), alikuwa hashindwi mbio, hadi bedui mmoja akaja na ngamia mchanga akampita. Masahaba wakaumia. Mtume akawaeleza kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kinachopanda duniani.

Nalishika neno hilo: haki. Kama kushuka ni haki ya Mungu, basi si adhabu, wala si ushahidi kwamba kazi ilikuwa mbovu. Na katika Sura Al-Adiyat, Mungu anaapa kwa farasi wanaotweta, kisha anamtaja binadamu kuwa ndiye asiye na shukrani. Farasi hutoa pumzi yake yote. Sisi ndio tunaodai kukumbukwa.

Jina la babu halimo katika orodha ya washindi. Thawabu yake naamini imo katika kila mguu uliopumzishwa kwa sababu yeye alisema una joto.

Ndugu yangu, ukiwa na kiumbe chini ya mikono yako, mpapase mguu kwanza. Kombe litashuka tu.