Je, Elimu Pekee Yatosha?

Sisi walimu tumezoea kusema kwamba elimu ni nuru, na kwamba ujinga ndio mama wa uovu. Kauli hiyo yatupa moyo kila tuingiapo darasani. Lakini historia ya jirani zetu Wanyarwanda yatulazimisha kuipima upya.

Mwaka 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa nchini Rwanda, wengi mno wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji hayo. Tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba. Kabla ya kushika madaraka hayo alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule. Na miongoni mwa waliouawa huko Taba walikuwamo walimu. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyefundisha chuo kikuu, kwa ajili ya redio iliyowaita Watutsi “inyenzi”, yaani mende.

Basi hawa hawakukosa elimu. Walikosa nini? Wengi watajibu: utu. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni jepesi. Mahakama ilikubali kwamba siku za mwanzo Akayesu alijaribu kuyazuia mauaji. Aligeuka baada ya mkutano wa viongozi wa tarehe 18 Aprili. Jema, basi, alilijua. Alichokosa ni uthabiti wa kulishika lilipoanza kuwa na gharama. Hapo ndipo ulipo mpaka wa elimu: yaweza kumwonyesha mtu njia, haiwezi kumtembeza.

Je, tuseme basi kwamba mwalimu hana dhima? La hasha. Katika shule za Rwanda kabla ya 1994, wanafunzi walisimamishwa darasani kundi kwa kundi, Wahutu mbali na Watutsi mbali, wakahesabiwa. Aliyekuwa akihesabu ni mwalimu. Panga lilitanguliwa na hesabu hiyo, na majina ya wadudu.

Kiswahili na Kinyarwanda vina shina moja: mtu, umuntu. Na kutoka katika “mtu” twapata “utu”, neno lisilo na wingi. Hakuna utu wa kabila hili na utu wa kabila lile. Sarufi hiyo twaifundisha kila mwaka. Hatuna budi kuitenda pia. Mwanafunzi akimwita mwenziwe mdudu, tusipite kana kwamba hatukusikia. Tulisimamishe somo, tuseme. Ushujaa mdogo wa darasani haumhakikishii mtu ule mkubwa. Lakini asiyezoea kusema “hapana” pale ambapo gharama ni ndogo, atajifunzia wapi?