Vazi la Mtu na Kazi Yake

Mavazi huusitiri mwili wa ayavaaye, lakini mara nyingi hufunua akili za wanaoyatazama. Mtu apitapo njiani kwa vazi tusilolizoea, twadhani kwamba twampima yeye, kumbe ni sisi tunaopimwa. Nakuomba, msomaji, tufikiri pamoja juu ya swali linaloonekana dogo kama uzi, lakini limefunga na kufungua riziki za watu wengi: je, ni haki kumzuia mtu kufanya kazi kwa sababu ya vazi la kwao?

Wanaume wa Uskoti, nchi iliyo kaskazini ya kisiwa cha Uingereza, wana vazi liitwalo kilti. Ni kitambaa cha sufu chenye miraba, huzungushwa kiunoni, hukunjwa mikunjo mingi kwa nyuma na kukoma magotini. Labda unacheka na kusema kwamba hiyo ni nguo ya kike. Lizuie cheko hilo kidogo. Wamisionari wa nchi hiyo walijenga makao yao Kikuyu, magharibi ya Nairobi, katika mwaka 1898, na mahali pale hata leo huitwa Thogoto kwa kufuata jina la taifa lao. Watu waliowapokea wageni hao hawakuwa na suruali. Kikoi cha pwani hakina miguu miwili, wala shuka la Mmasai, wala kanzu ya shehe wa Lamu, wala kanzu ya Mganda aendaye harusini. Suruali ni mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwetu akaketi muda mrefu, hata wajukuu wakadhani kwamba yeye ndiye aliyejenga nyumba. Simlaumu mgeni huyo, maana ana manufaa yake. Lakini si haki awafukuze wenyeji.

Historia ya kilti ina mafunzo mawili. La kwanza ni la mwaka 1746. Baada ya watu wa milima ya Uskoti kushindwa katika uasi wao, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume wao kuvaa mavazi ya asili. Aliyekamatwa mara ya kwanza alipasiwa kifungo cha miezi sita. Aliyerudia aliweza kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Askari walioitumikia serikali, hata hivyo, waliruhusiwa kuvaa vazi lile lile. Sheria hiyo ilifutwa katika mwaka 1782. Funzo la pili ni la mwanzo wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipoamuru kwamba askari wasivae tena kilti vitani. Sababu mojawapo ilikuwa hofu ya gesi ya sumu, ambayo huunguza ngozi iliyo wazi.

Tazama tofauti iliyopo baina ya makatazo haya mawili. La pili lilitoka katika kazi yenyewe, nalo lilikusudia kulinda maisha ya mvaaji. La kwanza halikuwa na shughuli na kazi. Lilikusudia kumvunja mtu moyo, ajione mdogo mbele ya aliyemshinda. Makatazo yaweza kufanana kwa maneno yakawa mbali kwa nia kama mashariki na magharibi.

Sasa nitakusimulia jambo ambalo sijisifu nalo. Nilipokuwa nikikaa Kileleshwa, katika mojawapo ya nyumba za ghorofa zilizochukua mahali pa bustani za zamani, mlinzi wetu wa usiku alikuwa kijana wa Kimasai. Ulipofika mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi ikawa yapenya mfupani, alijifunga shuka lake jekundu juu ya sare. Baadhi ya wapangaji walinung'unika kwamba lango letu lafanana na boma la ng'ombe. Barua ikaandikwa, ikapitishwa mlango kwa mlango, nami nikatia sahihi, kwa kuwa jirani aliyeileta alikuwa mtu wa heshima na mimi nilikuwa na haraka.

Usiku uliofuata nilimkuta kijana yule ndani ya koti jembamba, na shuka lake amelikunja na kulikalia. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Mzee, shuka hili halikunizuia hata siku moja kumwona mwizi." Sikuwa na jibu. Juma lile lile nilipita mbele ya hoteli moja kubwa katikati ya jiji, nikamwona Mmasai mwingine mlangoni, amevaa shuka la namna ile ile, analipwa ili awapokee watalii. Nikajiuliza: vazi hili ni heshima likiuzwa, na aibu likivaliwa na mwenyewe kwa ajili ya baridi? Hapo ndipo nilipotambua kwamba sahihi yangu haikulinda usalama wa nyumba wala usafi wake. Ililinda kiburi chetu.

Basi tuzipime kazi moja moja. Fundi asimamaye karibu na magurudumu ya mashine asivae kilti, wala shuka, wala kanzu pana, maana chuma hakichagui mila. Lakini na tai aivue pia, kwa sababu nayo yaweza kumvuta kama kamba. Mchomeleaji wa vyuma aisitiri miguu yake na cheche. Mganga aingiaye chumba cha upasuaji avae nguo zilizotakaswa, awe Mskoti au Mswahili. Polisi avae sare, ili mwenye shida amtambue mara moja. Lakini mwalimu akifundisha hesabu kwa kikoi, je, mbili na mbili zitakuwa tano? Karani akiandika kwa kanzu, wino utakauka kalamuni? Mhasibu aliyevaa kilti hataongeza wala kupunguza senti kwa sababu ya mikunjo yake. Kanuni inayowabana wote sawasawa kwa ajili ya kazi ni haki. Inayombana mmoja kwa ajili ya asili yake ni dhuluma, hata ikipigwa mhuri.

Wako watakaonijibu kwa methali: ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Watasema kwamba mwenye duka ana haki ya kuwaridhisha wanunuzi wake, na kwamba ofisi bila utaratibu ni soko. Neno hili lina uzito, nami silidharau. Umoja wa sare hujenga moyo wa udugu, na mwajiriwa hana budi kusikiliza. Lakini mlinzi wetu angeweza kupewa beji ya kubandika juu ya shuka, akatambulikana na asione baridi. Utaratibu mwema hutafuta njia ya namna hiyo kwanza. Utaratibu mbaya hauitafuti, kwa kuwa haukuwa utaratibu tangu mwanzo.

Wala usidhani kwamba dharau hii ni ya wageni peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Tanzania, nchi iliyokwisha kujitawala, ilifanya kampeni ya kuwashurutisha Wamasai waache mavazi yao ya asili na kuvaa suruali. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, imetaja mavazi waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Hata hivyo, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku suti ya Kaunda isivaliwe bungeni, ingawa Rais wa nchi mwenyewe alijulikana kwa kuivaa. Sheria huandikwa kwa siku moja. Mazoea hufutika kwa vizazi.

Lakini mvaaji naye ana wajibu. Vazi la asili si kinga ya uvivu wala ruhusa ya uchafu. Avaaye kikoi kazini ili watu wamtazame amelitumikia jicho la watu sawasawa na avaaye suti kwa sababu hiyo hiyo. Na liwe safi, limsitiri, kisha kazi yake imsemee.

Siku moja, msomaji, utakuwa mkuu wa shule, au mwenye duka, au mpangaji aletewaye barua mlangoni. Kabla ya kutia sahihi, jiulize maswali mawili: vazi hili linaidhuru kazi, au linaudhi macho yangu tu? Na kama linaudhi macho yangu, ni nani anayehitaji kurekebishwa? Mimi nilijiuliza maswali hayo nimekwisha kuchelewa, na mtu mmoja akaona baridi kwa ajili yangu.