Pepo wa Saa Nne na Albamu ya Dookie

Dookie, albamu ya kundi la Green Day la California, ilitoka tarehe 1 Februari 1994. Wanamuziki wake watatu, Billie Joe Armstrong, Mike Dirnt na Tré Cool, walikuwa na miaka 21 kila mmoja, na waliyoyaimba yalikuwa mambo ya umri huo: kushinda nyumbani bila kazi, kuhofia kurukwa na akili, kuhama kwa mama na kwenda kuishi mtaa mbovu. Mtu angedhani albamu kama hiyo ingechuja pamoja na nguo za mwaka ule. Haikuchuja. Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo, na mwaka huohuo kundi lenyewe lilizunguka viwanja vikubwa likiipiga yote, mwanzo hadi mwisho. Swali linalonishughulisha ni la nafsi kuliko la muziki: malalamiko ya kijana wa miaka 21 yana nini cha kumwambia mtu wa miaka 50? Naamini vijana wale waligusa ugonjwa ambao walimu wa dini waliujua tangu kale, nao si ugonjwa wa ujana hata kidogo.

Chukua wimbo wa “Longview”. Ngoma zinatangulia, kisha gitaa la besi la Dirnt linaingia likijiviringisha kivivu, na Armstrong anaimba kama mtu anayejisemea. Gitaa lake linanyamaza mpaka kwenye kiitikio, ndipo linalipuka. Kijana wa wimbo huu yumo ndani, televisheni inawaka, hakuna kinachomvuta. Kazi hana wala hatafuti, na hata starehe anayojipa mwenyewe faraghani imemwishia ladha. Sasa rudi nyuma miaka 1,600, hadi jangwa la Misri, kwa mtawa Evagrius wa Ponto aliyefariki mwaka 399. Aliandika kuhusu pepo anayemvamia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Jua linaonekana kama limesimama, siku inakuwa na saa 50, mtawa anachungulia dirishani, anatoka kutazama kama kuna ndugu anayekuja, anachukia chumba chake na kazi ya mikono yake. Evagrius alimhesabu pepo huyo kuwa mzito kuliko wote. Weka televisheni mahali pa dirisha, nawe utamwona kijana wa “Longview” ameketi palepale. Watu walioandikiwa maneno yale hawakuwa vijana wazembe. Walikuwa wameacha kila kitu ili wamtafute Mungu. Ikiwa uchovu huo uliwafuata hadi huko, basi hausababishwi na kukosa ajira wala hauishi mtu anapooa, anapojenga na kupata cheo. Ndiyo maana mtu wa miaka 50 anapousikia wimbo ule anajitambua.

Yuko atakayesema kwamba watu wa umri huo wanakumbuka ujana wao tu. Kwa baadhi yao ni kweli. Lakini mwimbaji Billie Eilish alizaliwa mwaka 2001, miaka saba baada ya albamu kutoka, na mwaka 2019 alikaa na Armstrong kwa mazungumzo yaliyochapishwa na jarida la Rolling Stone, akizungumza kama mtu aliyekua na muziki wa Green Day. Kumbukumbu ya mwaka 1994 hawezi kuwa nayo. Wapo pia wanaosema ni biashara, na hoja hiyo ina historia chungu: ukumbi wa 924 Gilman Street mjini Berkeley, uliowalea Green Day kimuziki, uliwafungia mlango walipojiunga na kampuni kubwa ya Reprise. Fedha ya kampuni inaeleza jinsi nyimbo zilivyofika redioni. Haielezi kwa nini watu bado wanazisikiliza miaka 30 baadaye, wakati kampuni zina bidhaa mpya kila wiki.

Pingamizi zito linatoka upande wa dini, nami naliheshimu. Evagrius alitoa dawa: sala, kazi, na kutokimbia chumba. Dookie haitoi dawa yoyote, na anayedhani inatosha peke yake anajidanganya. Hata hivyo Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, bila neno la shukrani, na waumini hawakuifuta katika kitabu kitakatifu. Walijua kwamba kuna saa ambapo mtu anahitaji kwanza kusema alivyo. Tofauti ipo, maana mtunga zaburi anamlilia Mungu, ilhali msimuliaji wa “Basket Case”, wimbo mwingine wa Dookie, anamwomba tu mtu yeyote mwenye nafasi amsikilize. Armstrong aliutunga wimbo huo kutokana na hofu za ghafla zilizokuwa zikimshika kabla hajajua kuwa ni maradhi. Na sikiliza alivyoibeba hofu hiyo: gitaa linapita karibu njia ileile ya Kanoni ya Johann Pachelbel, muziki wa karne ya 17 ambao leo hupigwa arusini. Maneno yanatetemeka, muziki hautetemeki. Kwangu huo ni mwanzo wa dawa, kwa sababu hofu iliyopata mpangilio inaweza kuimbwa na maelfu kwa pamoja, na aliyekuwa akijiona kichaa peke yake anagundua kuwa wapo wengi.

Kwa hiyo mchungaji, shehe au mzazi anayesikia muziki huu ukitoka chumbani kwa kijana asikimbilie kugonga mlango na kumwambia apunguze sauti. Aombe kuingia, akae, asikilize naye, kisha ndipo ampe ushauri. Albamu nzima haizidi dakika 40.