Safari Ambayo Mtoto Hataikumbuka

"Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane atakumbuka nini?" Swali hili tuliulizwa na wengi kabla hatujaondoka Lushoto, na karibu wote waliliuliza kwa upole. Tulikuwa tumeazimia kwenda Unguja, sisi mume na mke pamoja na mtoto wetu, tukakae huko wiki nne. Mzee mmoja wa usharika alilisema wazi zaidi: fedha hiyo ilikaribia bei ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe, akumbukwe asikumbukwe, anakamuliwa. Tulicheka naye. Hata hivyo swali lake lina uzito, na tunaona linastahili jibu zaidi ya kicheko.

Chini ya swali hilo kuna wazo kwamba jema lisilokumbukwa limepotea. Tukilikubali, tutapata shida na mambo mengi tunayoyaheshimu. Pale Irente, kilomita chache kutoka mjini, dayosisi yetu ina kituo kinacholea watoto wachanga, wakiwamo waliofiwa na mama zao. Wanalishwa, wanabebwa, wanaimbiwa. Watakapokuwa wakubwa hawatazikumbuka nyuso za waliowabeba usiku. Hatujamsikia msharika hata mmoja akisema kazi ile ni ya bure.

Tena sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga. Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, aliwajibu waliolihoji jambo hilo kwamba ubatizo unasimama juu ya Neno na amri ya Mungu, wala hautegemei nguvu ya imani ya anayebatizwa. Mtoto analetwa kisimani amelala, anaondoka analia, na maisha yake yote atasimuliwa habari ya siku ile na watu wengine. Hatusemi kwenda pwani kunafanana na ubatizo. Ubatizo hauna nauli. Tunasema tu kwamba kanisa letu limezoea tangu zamani kumpa mtu kitu kikubwa kabla hajaweza kukitunza kichwani.

Tuna sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili, nayo si ya kitabuni. Kabla ya mtoto huyu tulikuwa na mwingine aliyeishi miezi saba. Alinyonya, aliogeshwa kwa maji ya moto asubuhi za baridi, alibebwa mgongoni hadi sokoni, alipenda kuvuta masikio ya babu yake. Hakuna alichobaki nacho katika kumbukumbu kwa namna tunayoifahamu sisi. Kama jema linahesabiwa kwa kumbukumbu ya aliyetendewa, basi miezi ile saba yote ilikuwa hasara. Hilo hatulikubali. Kilichotolewa siku ile kilimfikia siku ile, na kilikuwa kamili.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Lushoto, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, basi linateremka kona kwa kona kupitia Soni hadi Mombo, na mtoto anaanza kuvuliwa sweta kabla hajafika chini. Tulilala Dar es Salaam kwa ndugu, kesho yake tukavuka kwa boti, mwendo wa saa mbili hivi. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Jambiani, kijijini. Wiki ya kwanza ilikuwa kilio. Vipele vya joto vilimtoka shingoni, uji aliukataa, usiku aliamka kila saa, na mchanga aliuogopa kama moto. Ukimweka chini anakunja miguu. Wengi wanaokwenda na mtoto mdogo hukaa siku nne wakarudi. Nadhiri ya siku nne ingetuletea nyumbani machozi tu. Mtoto hahami kwa haraka kama mizigo yake.

Wiki ya pili alianza kukanyaga. Pwani ile maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, bahari inakwenda mbali hadi unadhani imeondoka kabisa, na inaacha vidimbwi vyenye kaa wadogo. Mtoto alikaa kwenye kidimbwi kimoja kwa muda ambao sisi tungeuita asubuhi nzima. Hapo ndipo tulipoona kwamba tulikuwa tumesahau kukaa. Mkulima wa mboga hana barua ya likizo. Kabichi haziulizi umechoka au la. Tulikuwa tumemlea mtoto yule tangu azaliwe, lakini daima tukiwa na jicho moja kwake na jingine kwenye matuta.

Tusidanganyane, hata hivyo. Likizo na mtoto anayeanza kutembea ni kulea mtoto yuleyule mbali na jiko lako. Chandarua, maji ya kuchemsha, nepi, jua la mchana. Tulifikiri sana habari ya Marko sura ya 6, Bwana Yesu alipowaita wanafunzi wake waende faragha wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Wakapanda mashua. Watu wakakimbia kwa miguu wakawatangulia ng'ambo, na Yesu alipoona mkutano akauhurumia, akaanza kufundisha, na jioni kukawa na kazi ya kuwalisha watu elfu tano. Kwa hiyo pumziko lile lilikuwa na urefu wa safari ya mashua. Wazazi wa watoto wadogo wanaielewa sura hiyo bila mahubiri. Hata hivyo hatusomi mahali popote kwamba mwaliko wa kupumzika ulikuwa wa makosa.

Linabaki jambo gumu zaidi, la fedha na la wanaofanya kazi wakati wengine wamekaa. Katika mabishano kama haya mtu hukimbilia habari ya mwanamke wa Bethania aliyemwaga marhamu ya thamani, na waliosema yangeuzwa wapewe maskini. Tunaona si haki kuitumia habari hiyo kujitetea. Yule mwanamke alimmiminia Bwana marhamu yake. Sisi tulijimiminia wenyewe na mtoto wetu. Familia yenye deni kwa jirani, au yenye mgonjwa asiyetibiwa, ilipe kwanza na kutibu kwanza. Sisi karoti zilitulipa mwaka ule, ahadi ya usharika ilikuwa imetolewa, na bado tulipiga hesabu mara tatu.

Amri ya tatu katika Katekisimu yetu, ile ya siku ya kupumzika, inapotajwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inawataja pia mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, na sababu inayotolewa ni kwamba Israeli walikuwa watumwa Misri. Maana yake ni kwamba pumziko linalomwachia mwingine mzigo halijakamilika. Kijana anayetusaidia bustanini tulimpa mshahara wa mwezi mzima, naye akaenda kwao Mlola. Matuta tuliyaacha yapumzike baada ya mavuno. Lakini kule Jambiani kila maji yalipokupwa tuliwaona kina mama wakiinama baharini kuhudumia mwani, kilimo kilichoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Mgongo wa mkulima tunaujua tukiuona kwa mbali. Mtoto wetu aliwachekea, nao wakamwita. Bibi wa nyumba ya jirani alimwosha miguu kila jioni kabla ya magharibi bila kuombwa. Sisi Wakristo wa milimani tulipewa hapo ukarimu ambao hatukuwa tumeulipia, na Waislamu.

Lushoto yenyewe ni mahali pa mapumziko ya watu. Wajerumani walipapenda kwa baridi yake, wakapaita Wilhelmstal, na mababu zetu wakawabebea mizigo kupanda. Mpaka leo wageni wanatoka Dar es Salaam kuja kutazama nyika kutoka ukingo wa Irente, nasi tunawapikia, tunawatandikia, tunawauzia matunda. Ni kazi halali na inatulisha. Ila mtoto wa Usambara anaweza kukua akidhani kupumzika ni kitu kinachouzwa na watu wa kwao na kununuliwa na watu wengine. Huyu wetu hatakumbuka kaa wala mwani. Lakini alipokuwa mdogo aliwaona wazazi wake wamekaa chini mchana, hawauzi kitu.

Mwaka huu fedha imekwenda kwenye ada ya mtoto wa dada. Tukijaliwa tena, atakwenda na bibi yake, ambaye ana miaka zaidi ya sabini na hajawahi kuigusa bahari. Ametuuliza kama maji yale yana chumvi kweli, au ni watu wa pwani wanatutania.