Mbuzi Wangu, Mbuzi Yangu

Mto unaokatiza Ngarenaro, Arusha, haukupewa jina na Mswahili. Wamaasai waliuita Engare Narok, yaani maji meusi, na ulimi wa Kiswahili, usiopenda neno lifungwe kwa konsonanti, ukaiangusha ile k ya mwisho. Zunguka Mlima Meru hadi kaskazini-mashariki, utafika Ngare Nanyuki, maji mekundu. Nenda magharibi ya Kilimanjaro, utaikuta Ngare Nairobi, maji baridi. Sasa vuka mpaka wa Namanga. Kenya kuna Narok, kuna Nanyuki, na kuna Nairobi yenyewe. Katika majina hayo matatu sisi wa upande huu tumebaki na maji, wenzetu wamebaki na rangi na ubaridi. Makondakta huyaita majina hayo kutwa nzima kama fumbo, na jibu limo humohumo midomoni mwao.

Fumbo la haki ndivyo lilivyo. Jibu halikufichwa mbali. Limelazwa mbele ya macho, likafunikwa na maneno yaleyale yanayolitaja. Nikimtafakari mwanadamu, kiumbe anayefurahi kufichwa jambo ili alifichue mwenyewe, naona Muumba hakumpa lugha ya kuombea maji na kuuzia viazi tu. Simba hushindana na simba kwa meno. Watu wawili hukaa kwenye benchi la muuza kahawa, kashata mkononi, wakashindana kwa sentensi moja, na aliyeshindwa akacheka kuliko mshindi. Mnyama gani mwingine hufurahia kushindwa namna hiyo?

Waingereza wameifanya furaha hiyo kuwa ufundi wenye kanuni. Chemshabongo ya maneno yanayokatana kwenye visanduku ilichapwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, na mtungaji wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool. Ilikuwa nyepesi: ukipewa maana, unaandika neno. Walioigeuza kuwa mtego ni watu kama Edward Powys Mathers, aliyetunga katika The Observer kuanzia 1926 kwa jina la Torquemada, na mrithi wake Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes. Yote mawili ni majina ya wakuu wa baraza la kanisa lililotesa watu Hispania ya kale, na wasomaji wao waliona wamejiita sawasawa. Lakini Ximenes alikuwa mtesaji mwenye haki. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alishikilia kwamba kidokezo kiwe na nusu mbili. Nusu moja itoe maana ya jibu, nusu ya pili ilijenge jibu lilelile kwa kuchezea sauti na herufi. Ukishapata neno, nusu zote mbili hulithibitisha, kama mashahidi wawili ambao hawakupatana kabla ya kuingia mahakamani.

Je, Kiswahili kinaweza? Jaribu hiki: *Lima kinyumenyume upate utajiri (herufi 4).* Ukikisoma haraka utadhani ni wosia wa bwana shamba aliyechanganyikiwa. Kumbe "utajiri" ndiyo maana, na "kinyumenyume" ni amri ya kugeuza neno lililotangulia. Lima, li na ma, ukianzia nyuma: mali.

Angalia kilichogeuzwa. Ukizigeuza herufi mojamoja utapata "amil", takataka tupu. Mwingereza hupindua herufi; sisi hupindua silabi, kwa kuwa sikio letu huhesabu silabi. Watu wa Unguja walikuwa na mchezo wao wa kinyume, wa kuitanguliza silabi ya mwisho ili asiyehusika asielewe, na Edward Steere alitia mifano yake katika kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870. Hata mshairi akihesabu mizani, silabi ndizo anazohesabu: nane, kituo, nane. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni hizo katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* mwaka 1954. Uwanja wa mpira wa Arusha, si mbali na Ngarenaro, umepewa jina lake, na sidhani wengi wanaokwenda kushangilia mabao humo wanajua kwamba wamekaa katika nyumba ya mshairi.

Cha pili: *Bwana, nasi tumeficha tunda ndani (herufi 6).* Hapa hakuna cha kugeuza. Maana ni "tunda", na kidokezo chenyewe kinakiri kwamba limefichwa ndani. Ndani ya nini? Ya maneno mawili ya mwanzo. Ondoa mkato na nafasi, soma "bwananasi", ukate mwanzo wake: nanasi. Bibi zetu walilificha tunda hilohilo kwa njia nyingine, waliposema kuku wao ametagia miibani. Wao walificha umbo, chemshabongo inaficha herufi.

Hiki cha tatu ndicho kinachonifanya nivue kofia: *Mfugo hukuna nazi (herufi 5).* Jibu ni mbuzi, mara mbili. Mbuzi ni mfugo, na mbuzi ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, kinachokuna nazi jikoni. Wepesi wake unadanganya. Kiswahili ni lugha yenye ngeli, na ngeli ni msema ovyo. Ukisema "mbuzi wangu" nasikia kwato. Ukisema "mbuzi yangu" nasikia nazi ikikunwa. (Huku bara wapo wanaosema "mbuzi yangu" hata kwa yule mwenye pembe, kwao tofauti hii haipo, wasamehewe.) Mtegaji akiweka "anakuna" au "inakuna" ameshaitoa siri. Ndipo anapokimbilia "hu", kiambishi kisichojali ngeli yoyote. Hukuna nani? Hukuna nini? Hakijasema. Mlango mmoja umeachwa wazi katika sarufi nzima, na fumbo linapita hapo.

Ukishaliona hilo, vitendawili vya utotoni vinasomeka upya. "Akitokea watu wote humwona" ni jua, lakini jua halisemwi "akitokea", husemwa "likitokea". Limevikwa ngeli ya watu ili usilitambue. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai, likatembezwa kwa jina la nyumba. Mtoto wa Ngarenaro, ambaye nyumbani huenda mama anasema Kimeru na baba Kichaga, huambiwa "Kitendawili!", akajibu "Tega!", na kabla hajajua maana ya neno sarufi tayari anapima ngeli kichwani: hii imesema "a", je, ni mtu kweli au nadanganywa? Akishindwa hutoa mji. Anatoa Moshi, anakataliwa. Anatoa Dar es Salaam, mwenye fumbo anakubali. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hesabu hiyo ya ngeli. Aliyemuumba ameipanda ndani yake pamoja na pumzi, nami kila nikiifikiria huishia kunyamaza kidogo.

Kwa kipimo cha haki cha Ximenes, Samsoni wa Kitabu cha Waamuzi alitega fumbo bovu. Aliwauliza wageni wa arusi yake, kwa dau la mavazi, juu ya asali aliyoikuta katika mzoga wa simba, ilhali mzoga huo aliuona peke yake. Ndani ya maneno yake hapakuwa na kitu cha kumfikisha msikilizaji kwenye jibu, na si ajabu wageni wakaenda kumtishia mkewe. Malkia wa Sheba alimjaribu Suleimani kwa mafumbo pia, ila Biblia haikutuhifadhia hata moja. Ningetoa miji mingi kuyapata.

Mungu mwenyewe hategi kama Samsoni. Kule Ngare Nanyuki maji huweza kuonekana safi, lakini yana floridi nyingi iliyotoka katika miamba ya volkano ya Meru, na mtoto anayeyanywa meno yanapoumbika hukua na meno ya kahawia. Doa la namna hiyo lilimhangaisha daktari wa meno Frederick McKay kule Colorado, Marekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hadi mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, akipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, alipoikuta floridi humo. Floridi huyashika meno kwa sababu hupenda madini yaliyomo ndani ya meno na mifupa. Basi kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Meru hiyohiyo, huchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Floridi huing'ang'ania mifupa hiyo kabla haijamfikia mtoto. Swali liliandikwa kinywani, na jibu likaandikwa papo hapo, katika kitu kilekile kilichokuwa kinaharibika.

Nimebakiza kidokezo kimoja, cha herufi 4, na nusu zote mbili zimo: *Liwa kinyumenyume, chakula cha harusini.* Watu wa Tanga na Unguja, wanaoijua liwa kwa harufu yake kwenye ngozi ya bibi harusi, nadhani watachelewa kulipata jibu kuliko sisi wa mlimani.