Njaa ya Mama, Sukari ya Mwana

Mtu akiugua kisukari, wengi husema ameponzwa na ulafi. Hukumu hiyo haiwatendei haki watu wa Abuku, wilayani Koboko, Uganda.

Baada ya Rais Idi Amin kupinduliwa kwa vita mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, wajawazito wenye njaa wakiwamo. Wengi waliozaliwa ukimbizini sasa wamepita miaka 40, umri ambao kisukari mara nyingi huanza kujitokeza. Na njaa ya mama mjamzito yaweza kumfuata mwana hadi ukubwani: huko Uholanzi, watafiti waliwapima watu ambao mama zao walikuwa wajawazito wakati wa njaa ya 1944–45. Walipofika miaka 50 hivi, miili yao ilidhibiti sukari kwa shida zaidi kuliko ya wenzao. Na sukari isiyodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa. Humzeesha mtu kabla ya wakati.

Je, ugonjwa huu ni mapenzi ya Mungu?

Muislamu wa Koboko na Mkatoliki wa Arua wote hukiri kwamba uhai uko mikononi mwa Mungu. Lakini dini zao zinaamrisha pia haki: zaka ni fungu la maskini, si hisani ya tajiri. Vita huanzishwa na watu, na bei ya insulini hupangwa na watu. Wagunduzi wake wa Toronto waliuza hataza yao mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka iwafikie wote. Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, lakini dawa zikiisha, mkulima hununua dukani kwa fedha zake.

Kwa hiyo shehe au padri anayemhimiza mgonjwa asubiri ana wajibu pia wa kudai vipimo na insulini katika kituo cha afya cha jirani.